Kioo cha Inchi Kumi na Saba

Nyakato, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Magesa,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu sasa hivi, kabla hujaendelea, umwambie Yunisi ni mzima na anakula. Kisha ikunje barua hii, uende nayo shambani au popote utakapokuwa peke yako, uisome mwenyewe mpaka mwisho. Najua mama atakuuliza mbona barua ni nene na salamu ni fupi. Mwambie nimeandika habari za kazi. Si uongo, maana habari yenyewe ilianzia kazini.

Wifi mgongo umepona? Muhogo mliouanika ulikauka, au mvua iliwawahi? Yule mama wa Mugango tuliyekutana naye sokoni aliniambia dagaa mwaka huu wamekuwa wengi kwenu mpaka wanaanikwa juu ya mawe ya njiani. Sikumwuliza mengi. Alikuwa amenipita ubavuni na mimi sikumwona, akaja kunishika bega kwa nyuma akidhani namringia.

Naipiga barua hii kwa taipureta yangu ile ya zamani. Vidole vinaijua njia, lakini siwezi tena kurudia kusoma nilichoandika, kwa hiyo herufi zilizoruka uzisamehe. Sikutaka kumpa mtu mwingine aniandikie.

Unajua kiwanda chetu cha nguo kiliuzwa. Walitusomea majina ya wanaoachishwa kazi uwanjani, na jina langu lilikuwemo, na la Mama Kulwa pia, yule Msukuma niliyekaa naye ofisi moja miaka yote. Hatukulia. Kiinua mgongo chetu tulikiunganisha, tukakodi chumba kimoja mjini, mtaa wa nyuma ya soko, tukanunua kompyuta kwa Wazungu wa mradi wa maji waliokuwa wanafunga virago. Tulikuwa na printa moja, na fotokopi ya kukodi. Mimi napiga chapa, Mama Kulwa anapokea wateja na kukata karatasi. Kadi za harusi, mitihani ya shule, barua za kuomba kazi, risala za vikundi vya akina mama. Kazi ilikuwepo, kaka. Tangu serikali ilegeze mambo kila mtu mjini ana jambo lake la kuchapisha. Mwaka wa kwanza nilidhani Mungu amenifidia.

Mwaka wa pili makosa yakaanza. Mwalimu mmoja alirudi na mtihani aliochapishiwa kwetu, akaufungua mezani, akasema kwa upole, "Mama Yunisi, majibu ya kuchagua ni manne. Wewe umeniwekea matatu." Nikaangalia karatasi yake ya mkono. Safu ya nne, upande wa kulia kabisa, sikuwa nimeipiga karatasi nzima. Baadaye ikaja kadi ya harusi ya binti wa mchungaji mmoja wa Ilemela. Jina la ukumbi liliachwa. Watu walifika kanisani, ibada ikaisha, wakasimama juani na nguo zao nzuri wakiulizana sherehe iko wapi. Mchungaji hakututukana. Alisema tu hatarudi kwetu.

Nikamwambia Mama Kulwa, "Kosa ni la kioo hiki. Kimezeeka. Pembeni kinafifia."

Akainama, akakitazama. "Mbona mimi nakiona kizima?"

"Wewe hukikodolei macho siku nzima."

Hakubisha tena. Ila nilimwona akikifuta kile kioo kwa khanga, kwenye pembe zote nne, kama mtu anayetaka kuamini.

Tukamwita fundi. Anaitwa Deusi, Mhaya, mtu mzima mwenye familia. Zamani alikuwa anatengeneza redio, sasa anajua na kompyuta. Nikamwambia nataka kioo kipya, kikubwa, ambacho hakitanichosha macho. Akakaa chini akanieleza kwa utaratibu, na mimi nakueleza wewe ili uelewe kilichofuata.

"Dada Yunisi," alisema, "kioo chenyewe hakijui kitu. Ni ukuta tu. Anayechora juu ya ukuta ni kadi ya video, kile kibao kilichochomekwa ndani ya boksi. Ukinunua ukuta mkubwa ukabaki na mchoraji yuleyule mvivu, picha itakuwa inachezacheza mbele yako mpaka kichwa kikuume. Kwa hiyo nunua viwili, kioo na kadi yake, na vikubaliane."

"Kama ndoa," Mama Kulwa akasema.

"Afadhali ndoa, mama. Watu wasiokubaliana huwa wanaishi. Hivi vikikataana, hupati picha kabisa."

Mwanza nzima tuliona vioo viwili tu vya kuuzwa, vyote inchi kumi na nne, sawasawa na chetu. Deusi akasema Nairobi vipo, inchi kumi na saba, na kadi zake zipo. Akaniandikia karatasi: ukubwa wa kioo, kumbukumbu ya kadi isipungue megabaiti mbili, na mengine. "Kadi zina meno ya aina mbili," akanionya, "za zamani na za kisasa. Nimekuandikia humu. Usinunue bila kusoma karatasi." Halafu akanifundisha jinsi ya kupima kioo dukani. "Kioo kibovu hakijionyeshi ukikitazama usoni. Tazama ukutani, kioo ukiache pembeni ya jicho. Kama kinacheza, pembeni ya jicho patakuambia. Hapadanganyiki."

Nikaenda Nairobi kwa basi. Kaka, hapa kuna jambo nataka nilitoe moyoni. Nilipita Makutano mchana kweupe, pale magari ya Musoma yanapokata. Nilijua nikishuka, jioni nalala kwa mama. Sikushuka kwenda, na sikushuka kurudi. Nilijiambia kazi inasubiri. Ukweli ni kwamba nilitaka nije kwenu siku moja nikiwa mtu aliyefanikiwa, si mtu anayefukuzia kioo. Miaka mitatu sasa naisubiri siku hiyo.

Duka lilikuwa ghorofani. Kijana muuzaji aliwasha vioo vitatu kwenye meza moja, kidogo, cha kati, na kile cha inchi kumi na saba. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikaukazia macho ukuta, palipokuwa na kalenda, nikasubiri pembeni ya jicho paniambie. Hapakuniambia kitu. Nikasogea hatua moja, nikajaribu tena. Kimya.

"Vyote ni vizuri," nikasema. "Sioni kinachocheza."

Yule kijana akacheka. "Mama, hata hii ndogo? Hii kila mtu huilalamikia. Vile inaruka hivyo, huioni?"

"Siioni."

Akanitazama kidogo. "Basi una macho ya nguvu, mama. Wengine huumwa kichwa."

Nilifurahi, kaka. Nilitoka pale nikijisifu kwamba nina macho ya nguvu. Nikachagua kile kikubwa kwa sababu maandishi yake yalikuwa yamekoza na meupe yake yalikuwa meupe kweli, si kama yetu yaliyokuwa rangi ya chai ya maziwa. Ikaja zamu ya kadi. Akaniuliza, "Kompyuta yenu inachukua kadi ya meno gani, ya zamani ama ya kisasa?" Nikatoa karatasi ya Deusi. Nikaisoma mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mstari kwa mstari kama tulivyofundishwa shuleni. Kuhusu meno hapakuwa na neno. Nikasema, "Fundi hakuandika." Akaniambia, "Basi beba ya kisasa, ndiyo wote wananunua sasa." Nikabeba.

Mpakani Sirari ofisa mmoja alinifungulisha boksi akidhani ni televisheni. Nikamwambia ni kioo cha kompyuta. Akauliza kinaonyesha nini. Nikasema kinaonyesha unachoandika. Akasema, "Basi karatasi ina kosa gani?" akaniruhusu. Safari nzima nilikaa nacho mapajani, nimekizungushia blanketi.

Asubuhi ya pili Deusi akaja. Akafungua boksi la kompyuta, akaishika kadi, akaigeuza, akaipima juu ya tundu lake, akaitoa. Hakuilazimisha.

"Dada, hii haiingii. Hii ni ya meno ya kisasa."

"Hukuniandikia."

"Nilikuandikia."

"Deusi, nimeisoma karatasi mara tatu mbele ya watu. Hukuniandikia."

Akaomba karatasi. Nikampa. Akaiweka mezani mbele yangu, akaweka kidole upande wa kulia, ukingoni. Niliuona mkono wake mpaka kwenye kifundo, kidole sikukiona. Nikageuza kichwa kukifuata. Na maneno yakaingia, kama mtu anayeingia mlangoni: MENO YA ZAMANI TU, USINUNUE YA KISASA. Kwa wino mwekundu, yamezungushiwa duara. Yalikuwa makubwa kuliko maandishi mengine yote ya karatasi ile.

Nje mtu alikuwa anaita wateja wa mitumba.

Deusi akavuta kiti, akakaa mbele yangu. "Dada, nitazame puani. Usihamishe macho." Nikamtazama puani. "Unaona vidole vingapi?"

"Vidole gani?"

Mama Kulwa, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Mayu!" na akakaa chini sakafuni. Baadaye aliniambia Deusi alikuwa ameinyoosha mikono yote miwili, kulia na kushoto, vidole vyote kumi vimetanuliwa, kama mtu anayesimamisha gari.

Lakini mimi nilikataa. Nilisema ni uchovu wa basi. Nikasema kwanza tupate kadi inayoingia, kioo kiwake, kisha tutaona kama mimi ni mgonjwa au kilichokuwa kigonjwa ni kile kioo kingine. Nilisema kwa ukali. Deusi wa watu akaichukua ile kadi, akaenda Ilemela kwa mtu aliyekuwa na kompyuta mpya na kadi ya zamani isiyomfaa, wakabadilishana. Ilimchukua wiki. Wiki ile nilisali sala moja tu, kwamba kosa liwe la kioo.

Siku kilipowaka, Mama Kulwa alipiga vigelegele. Wateja wawili wa fotokopi walisogea kuangalia. Deusi alikuwa ameandika jina la duka letu kwa herufi kubwa za bluu, zimejaa kutoka ukingo mpaka ukingo. Kioo na kadi vilikubaliana kabisa. Kila mtu alisema hajaona kitu kama hicho.

Nikaketi mbele yake. Kaka, kwenye kile cha zamani nilikuwa naona karibu ukurasa wote kasoro pembeni. Kwenye hiki niliona herufi mbili. Nilipogeuza kichwa nikaona nyingine mbili, na zile za kwanza zikapotea. Kilikuwa kikubwa mno kwa kijitundu nilichobakiwa nacho. Nilikitafuta kichwa cha maneno, nikakipata, nikatafuta mwisho wake, nikapotea katikati ya meupe yale mazuri niliyoyachagua mwenyewe. Jinsi nilivyokuwa natafuta kioo kikubwa zaidi ndivyo nilivyokuwa najipunguzia cha kuona, na hapakuwa na mtu wa kuniambia.

Wote walikuwa wananisubiri niseme.

"Kizuri sana," nikasema.

Kesho yake Mama Kulwa alifunga duka, akanipeleka hospitali bila kuniuliza. Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, anaongea polepole. Alinitia dawa, akanigusisha kichuma kidogo kwenye jicho, akaniwashia taa, akasogeza kalamu huku na huku akiniuliza inapotokea. Ilikuwa inatokea karibu sana na pua.

Akasema ni presha ya macho. Inakula mshipa wa nyuma ya jicho kidogokidogo, kuanzia pembeni, na haiumi, ndiyo maana mtu hajui. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki tundu. Dawa ya matone inaweza kulinda kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi, si kwa miwani wala kwa upasuaji.

Mimi, kwa ujinga wangu, nikamwuliza, "Na nikipata kioo cha aina nyingine? Au nikirudia kile kidogo?"

Akasema, "Kioo chako hakina kosa, mama."

Kisha akachukua kalamu aandike, akaniuliza swali moja ambalo ndilo linanifanya nikuandikie wewe na si mtu mwingine. "Kwenu kuna mtu mwingine aliyepoteza macho?"

Nikasema, "Mama yangu."

"Alianza vipi?"

Nikamweleza. Kwamba alianza kujigonga kwenye milango. Ukimpa kikombe kwa ubavuni hakioni, anakitafuta. Alikuwa anaita kuku aliyesimama pembeni mwa miguu yake. Kisha mwaka hata mwaka, mpaka giza.

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi ni ugonjwa huohuo. Huwa unatembea kwenye damu ya ukoo."

"Hakurogwa?"

"Nani kasema karogwa?"

Kaka, wewe unajua nani kasema. Tulisema sisi. Macho ya mama yalianza kupotea mwaka baba alipomleta mke wa pili, mama mdogo Tabitha, na hilo likatosha. Mganga akaja akachimba mlangoni kwake akatoa alichotoa. Wewe ndiye uliyebeba sanduku lake la bati ukaliweka barabarani. Sikulaumu, ulikuwa kijana na wazee walikuwa wanakutazama. Mimi nilifanya kibaya zaidi. Kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri, waliniita niandike barua ya kupeleka kwa kaka zake, kwao Buzinza, kueleza kwa nini anarudishwa. Niliandika kwamba amekula macho ya mwenzake. Niliandika kwa herufi za mviringo, bila kukosea hata moja, na mjomba akanisifu.

Kuna jambo nimekuficha siku nyingi. Nilikuwa najua mama mdogo yuko wapi. Yuko Kigongo, pale watu wanaposubiri kivuko cha kwenda Busisi. Anakaanga mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki viwandani minofu ikishapelekwa Ulaya, anawauzia wasafiri. Kaka zake hawakumpokea, kwa sababu ya barua. Niliwahi kupita pale miaka ya nyuma nikiwa na safari ya Sengerema, nikamtambua, nikajifunika khanga usoni.

Wiki iliyofuata baada ya hospitali nilikwenda. Mama Kulwa alinisindikiza mpaka pale, akakaa mbali. Ilinibidi niulize watu, maana kumtafuta mtu katikati ya umati kwa tundu kama langu ni kazi. Nilimkuta amekaa mbele ya karai. Amezeeka sana. Akadhani mimi ni mteja.

"Cha kichwa au cha mkia?"

"Shikamoo, mama mdogo. Ni Yunisi."

Aliuchochea moto kwanza. Kisha akasema, "Marahaba," akaendelea kugeuza samaki.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakunikaribisha kukaa. Nikamwambia daktari kasema ni ugonjwa, uko kwenye damu yetu, mimi mwenyewe ninao, yeye hana kosa lolote. Nikasema nimekuja kumwomba msamaha kwa ile barua. Nilipiga magoti pale kwenye majivu na magamba ya samaki.

"Inuka," akasema. "Watu wanataka kupita."

Nikainuka.

"Umetoka Mwanza kuja kuniambia kwamba si mimi?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Mimi sina haja ya kuambiwa. Mimi nilikuwa najua siku zote kwamba si mimi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Baba yenu kafa akiamini. Kaka zangu wawili wamekufa wakiamini. Waliobaki kuambiwa wako kwenu, hawako hapa."

Nikamwambia nitakuandikia wewe, uwaite watu, useme. Nikamwambia anaweza kurudi, lile shamba la mtoni bado lipo. Akanitazama. Nadhani alinitazama, nilikuwa naona midomo yake tu.

"Nirudi nifanye nini?" akauliza. Kisha akauliza jingine. "Na mama yako anajua?"

"Bado."

"Akiambiwa atakataa. Kama si mimi, basi kachukia bure miaka yote hii. Ni uzee gani huo wa kumpa mtu?"

Hilo nakuachia wewe unayelala naye nyumba moja. Mimi nimelifikiria mpaka nimechoka. Kumwambia ni kumwua mara ya pili, na kunyamaza ni kumzika Tabitha akiwa hai.

Mambo mawili nakuomba, kaka. La kwanza, funga safari uje Mwanza, upimwe macho. Usiseme huumwi, na mimi sikuumwa. Ulete na wanao, Masatu na mdogo wake, maana damu ni moja. Yule Masatu, ambaye wifi aliniandikia kwamba ni mzembe, kila akitumwa anajikwaa, msimchape tena mpaka apimwe. La pili, wewe sasa ni mzee wa kanisa, watu wanakusikiliza. Siku moja baada ya ibada simama, useme kwamba Tabitha hakufanya kitu. Uwaambie Yunisi ndiye aliyeandika. Jina langu litaje.

Najua ninavyokuandikia hivi kwamba huenda usifanye. Ningekuwa mimi niko huko, nikiwatazama wale wazee kila Jumapili, labda nisingefanya.

Huku mambo ndiyo hayo. Dawa ya matone mara ipo, mara haipo, na ikikosekana tunaagiza kwa makondakta wa basi. Duka limeajiri binti, anaitwa Neema, amemaliza kidato cha nne, ana mikono myepesi. Ndiye anayekaa mbele ya kile kioo sasa. Anakipenda, anakifuta kila asubuhi. Makosa yamekwisha na yule mchungaji wa Ilemela amerudi. Mimi nakaa kwenye benchi la wateja, nawatajia Mama Kulwa na Neema bei kutoka kichwani, nakunja kadi kwa kupapasa. Mama Kulwa anasema duka ni letu wawili hata nikiwa sioni kabisa. Ni mtu wa kweli, na anamaanisha. Lakini jana nilimsikia akimwambia mteja, "Yule mama pale, mpishe apite," na nilichelewa kujua kwamba anayepishwa ni mimi.

Mvua zikipungua nitakuja nyumbani. Safari hii nitashuka Makutano. Nataka nimwone mama wakati bado namwona. Usimwambie nakuja kwa ajili gani. Nitakaa tu mbele yake siku mbili tatu, nimtazame uso sehemu kwa sehemu, na yeye hatajua kwamba natazama.

Msalimie wifi, na umwambie khanga aliyoniagiza nimeipata. Wasalimie Masatu na mdogo wake, shangazi yao anawawaza. Msalimie shangazi yetu wa Suguti kama bado anatembea mpaka kwenu, na mjomba, yule aliyenisifu mwandiko. Msalimie mwalimu wetu wa darasa la nne, mkionana.

Wakati kivuko kinapiga honi nilimwuliza mama mdogo kama ana salamu za kuleta nyumbani. Aliopoa samaki, akawaacha wachuje mafuta, akamhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu. Nikadhani hakusikia, nikarudia.

Akasema hana.

Mdogo wako,
Yunisi